Saa ya kiume ya kudumu huku Kusini: igeuze uitazame mgongoni

Mkuu, nalirudia swali lako kwa kifupi ili wengine wafuate. Uko Lindi mjini, karibu kila siku unavuka kwa boti kwenda Kitunda, ng'ambo ya ghuba, msimu wa korosho unashinda ghalani, na ndani ya miaka 2 umepoteza saa 3. Ya kwanza iliingia ukungu kwenye kioo, ya pili ilichomoka mkononi ikazama, ya tatu ilikufa wiki chache baada ya kubadilishwa betri. Sasa unataka moja tu ya kuvaa kila siku, idumu.

Vifo vyote 3 ni vya kawaida kwenye pwani hii, kuanzia Kilwa hadi Msimbati, na hakuna hata kimoja kinachoonyesha ubovu wa mashine. Mashine ya betri ya Kijapani, hata kwenye saa ya bei ndogo, ni imara sana. Ndani yake kuna kijiti cha kwatsi (madini ya fuwele) kinachotetemeka mara 32,768 kwa sekunde, na kupotea sekunde 15 hadi 30 kwa mwezi ndiyo kawaida yake. Kinachoua saa huku kwetu ni nyumba ya hiyo mashine: bodi, mfuniko wa nyuma, ringi ya raba inayoziba mfuniko, kioo, na pini za mkanda. Hivyo ndivyo vya kukagua kabla hujatoa hela.

Muuzaji akikupa saa, igeuze usome mgongoni. Ukikuta "Stainless Steel Back", elewa kwamba ni mfuniko peke yake ndio wa stenlesi, chuma kisichoshika kutu kirahisi. Kama bodi ni ya kung'aa kama chuma, basi ubavuni ni shaba au aloi ya zinki iliyopakwa kromu. Jasho na upepo wa chumvi huanza kuila kromu hiyo kwenye masikio ya mkanda, yaani pembe za bodi zinazoshika mkanda, pale ngozi inaposugua kila dakika. Utaona vidoti vidogo, kisha rangi ya njano, kisha ukijani unaopaka mkono. Ukitaka saa ya chuma, tafuta iliyoandikwa "Stainless Steel" bila hilo neno "Back", na ikitajwa 316L ndiyo bora, maana ina molibdeni inayozuia chumvi kutoboa chuma. Usipime kwa sumaku. Shaba hainasi, na 316L nayo hainasi, kwa hiyo hutajua lolote.

Kwa kazi yako mimi ningekwepa mabishano hayo yote nikachukua bodi ya plastiki. Plastiki haina kutu. Hapo maandishi ya "Back" mgongoni hayana shida, kwa kuwa chuma pekee kinachogusa jasho ni huo mfuniko.

Kuhusu maji, namba za mita zinapotosha watu wengi. Kiwandani hupimwa kwa shinikizo la maji yaliyotulia, saa ikiwa mpya na raba mpya. Mita 30, au saa iliyoandikwa "Water Resist" bila namba, ni ya mvua, kunawa na kutawadha, basi. Mita 50 inavumilia kuogelea kidogo. Anayevuka bahari, anayevuta nyavu au anayeogelea ufukweni Shangani mwisho wa wiki aanzie mita 100, na mita 200 ni bora zaidi. Hata hiyo ya 200, usibonyeze vitufe wala kuvuta kile kifundo cha pembeni ikiwa imelowa. Na usiitoe juani kwenye dashibodi ukaitumbukiza majini papo hapo. Hewa ya ndani ikipoa ghafla inasinyaa na kuvuta maji kupitia raba yoyote iliyochoka.

Kioo nitakigusa kidogo tu. Mchanga wa ufukweni una kwatsi, ambayo ugumu wake ni 7 kwa kipimo cha Mohs, na kioo cha kawaida cha saa kiko chini ya hapo, ndiyo maana kinachubuka. Kioo cha safaya kina 9, hakichubuki kwa mchanga, ila ni ghali na kinaweza kupasuka kikigongwa kwenye kona. Kioo cha plastiki kinachubuka upesi, lakini unakisugua kwa dawa ya meno nyeupe na kitambaa laini dakika chache, kinarudi. Kwa saa ya kazi, plastiki inatosha.

Sasa majina. Casio F-91W, iliyotoka mwaka 1989, ina gramu 21 na betri moja ya CR2016 inayokaa takribani miaka 7. Mapungufu yake ni kwamba ni "Water Resist" isiyo na namba, kwa hiyo kwa mtu wa ghalani inafaa sana, kwa mtu wa boti haitoshi. Ukitaka saa ya namba (dijitali), AE-1200WH ina mita 100 na betri ya takribani miaka 10. Ukipenda mishale, MRW-200H nayo ni ya mita 100. Mfuko ukiruhusu, G-Shock DW-5600 ya mita 200 ndiyo ningekuchagulia wewe: inavumilia kuanguka, mtikisiko wa bodaboda na maji ya chumvi. Feki za F-91W ni nyingi. Bonyeza kitufe cha kulia ukishikilie sekunde 3 na zaidi, ya kweli itaandika CASIo kwenye kioo. Feki nyingine zimeshaiga hilo, kwa hiyo tazama pia kama skrubu 4 za nyuma zimekaa sawasawa na maandishi ya mfuniko ni makali.

Hapa kwenye betri ndipo naomba usome polepole, maana saa nyingi hazifi kwa kuisha betri, zinafia kwenye meza ya kubadilishia betri.

Dalili zinajulikana. Kwenye saa nyingi za mishale, mshale wa sekunde unaanza kuruka sekunde 2 kwa mpigo. Kwenye saa ya namba, ukiwasha taa maandishi yanafifia. Badilisha hapo hapo. Betri iliyokufa ikiachwa ndani miezi inavuja na kula shaba ya mashine.

Namba ya betri ifuatwe herufi kwa herufi. Saa nyingi za mishale zinatumia SR626SW, yenye upana wa milimita 6.8 na unene wa 2.6. Ndugu yake SR621SW ina upana uleule, ila unene ni 2.1. Ikiwekwa mahali pa 626 inacheza, na ndipo utaona mtu anakunja karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara kuikandamiza. Ukiona hivyo, chukua saa yako. Zile zinazouzwa kwa kadi yenye betri 10, zimeandikwa AG4 au LR626, zinaingia vizuri, lakini ni za alkali: nguvu yake inashuka kidogo kidogo na zinavuja upesi kuliko za SR, ambazo hushika volti 1.55 karibu hadi mwisho. Vilevile CR2025 usiilazimishe mahali pa CR2016. Imezidi milimita 0.9, itakunja kile kibati cha kuishikilia.

Kabla ya kufungua, piga mswaki mfereji unaozunguka mfuniko. Ule uchafu mweusi ni jasho, vumbi na chumvi, na ukifungua bila kuutoa unaangukia ndani. Kwenye F-91W legeza skrubu 4 kwa bisibisi ndogo ya nyota inayokaa sawasawa, kisha piga picha kwa simu jinsi vitu vilivyokaa. Angalia kile kispringi chembamba kinachosimama juu ya mashine kugusa mfuniko. Kikipotea, saa itatembea lakini alamu haitalia tena. Betri ishikwe ubavuni, kwa kibano cha plastiki, kwani cha chuma kikigusa juu na chini kwa pamoja kinapiga shoti. Ukishaweka mpya, tafuta alama ya AC (ya kuianzisha saa upya) kwenye mashine, ugusishe hapo na mgongo wa betri kwa kibano cha chuma kama sekunde 2. Hatua hiyo ikirukwa, saa inaweza kuonyesha maandishi ya ajabu au kuganda, ukaambiwa mashine imeungua kumbe nzima.

Halafu raba. Itoe, iweke kwenye karatasi nyeupe, itazame kwa karibu. Nzima ni ya mviringo ukiibana, inarudi. Iliyochoka imekuwa bapa kama utepe, ina nyufa ndogo ukiivuta kidogo, au inanata. Badilisha kwa kipenyo na unene uleule. Ikiwa nzima, ifute, upake grisi ya silikoni kiasi cha kung'aa tu, bila kuonekana donge. Mafuta ya mgando ya kujipaka hayafai, yanalainika kwa joto na kunasa vumbi. Mafuta ya kupikia yanageuka gundi. Irudishe kwenye mfereji wake, zungusha jicho pande zote: uzi mmoja wa nguo au unywele ukilala juu ya raba unatosha kupitisha maji. Skrubu zikazwe kwa kukingamana, kidogo kidogo, mpaka zishike tu. Kwenye bodi ya plastiki ukilazimisha, meno yanakwanguka.

Na kama mfuniko wa kubana, ule usio na skrubu, umegoma kufunga, usikubali upakwe supagluu. Mvuke wake unapanda ndani na kuacha utando mweupe chini ya kioo, na siku ya betri nyingine mfuniko hautoki bila kupinda.

Baada ya kufunga, pima ukungu nyumbani. Weka maji ya moto kiasi kwenye kikombe cha chuma, funika, laza saa juu ya kifuniko kwa dakika 10 hadi 20. Kifuniko kiwe na joto la nyuzi 40 hadi 45, mkono unavumilia. Dondosha tone la maji ya kawaida katikati ya kioo, subiri dakika 1, futa. Ukungu ukibaki upande wa ndani, kuna unyevu tayari, usiipeleke majini.

Saa yako iliyozama, nina hakika zaidi kwamba pini ndiyo iliyoachia kuliko mkanda. Pini za bei rahisi ni chuma kilichopakwa, zinaota kutu ndani ya tundu usipoona, na kispringi chake kinaganda. Kila mwaka zitoe, na kwa mtu wa baharini weka mpya za stenlesi bila kungoja. Pima nafasi kati ya masikio kwa rula: mara nyingi ni milimita 18, 20 au 22, na pini fupi kwa milimita 1 itachomoka siku ukijigonga kwenye ubao wa boti. Ukipata mkanda wa nailoni wa kipande kimoja unaopita chini ya saa, pini moja ikichomoka saa inabaki inaning'inia kwenye ya pili. Mkanda wa ngozi huku uwe wa harusini. Jasho la masika pamoja na kutawadha mara 5 kwa siku vitauozesha, na harufu yake haitoki.

Ukitoka baharini, suuza saa kwa maji baridi ya bomba kama dakika 1, ifute, iache ipepewe kabla ya kuifungia kabatini. Mara moja kwa wiki mswaki laini na sabuni ya maji kidogo, hasa nyuma na kwenye matundu ya pini. Usiihifadhi ikiwa mbichi ndani ya mfuko wa nailoni: plastiki ya mikanda hii huharibiwa na unyevu wa muda mrefu, inanata kisha inamegeka kama biskuti.

Kwa mambo ya korosho: ukishika maganda au kubangua, vua saa. Yale mafuta ya ganda yanayounguza ngozi hayatoki kwa maji peke yake, na yakikauka chini ya mkanda yanaendelea kukuchoma mkononi. Salfa ya kupulizia mikorosho inafanya shaba na fedha kuwa nyeusi, kwa hiyo hiyo saa ya kromu usiende nayo shambani. Dawa ya mbu ya kupaka yenye DEET inalainisha plastiki. Paka, acha ikauke, kisha vaa saa.

Umegusia pia Seiko 5 isiyo na betri. Ni saa nzuri, na nyingi zilizotoka kuanzia mwaka 2019 zina mashine ya 4R36 na mita 100. Ila jiandae: kiwanda chenyewe kinaruhusu ikimbie hadi sekunde 45 au ichelewe hadi 35 kwa siku, na inataka fundi wa kuisafisha na kuitia mafuta upya kila miaka kadhaa. Ikianza ghafla kukimbia dakika kadhaa kwa siku, imenasa sumaku, mara nyingi kutoka kwenye spika au kishikio cha simu cha sumaku. Hiyo inatolewa kwa kifaa maalumu kwa sekunde chache. Tarehe usiirekebishe kati ya saa 3 usiku na saa 10 alfajiri, yaani mshale mfupi ukiwa kati ya 9 na 4, kwa sababu meno ya kubadilisha tarehe yameshashikana na yanavunjika. Na tarehe ikibadilika saa 6 mchana badala ya usiku, zungusha mishale mbele kwa muda wa saa 12, itakaa sawa.

Ikitokea maji ya chumvi yameingia, usingoje kesho na usiizike kwenye mchele, vumbi lake linaingia ndani. Ya betri: fungua mfuniko, toa betri papo hapo, nyonya maji kwa ncha ya karatasi laini, kisha futa sehemu za kugusana na betri kwa pamba iliyoloweshwa spiriti kidogo, bila kugusa kioo cha namba. Iache wazi mbele ya feni usiku mzima, uso chini, kivulini. Jua kali linaweza kuharibu kioo cha namba. Weka raba mpya na betri mpya, ya zamani usiirudishe. Ya Seiko usiifungue mwenyewe: ifikishe kwa fundi siku hiyohiyo umweleze kuwa ni maji ya bahari, maana kutu kwenye springi na ekseli zake huanza ndani ya saa chache.