Ruta sita, seva moja

SWALI: Habari za kazi. Nagawa intaneti kwa wateja 140 kwa ruta sita za MikroTik, kila moja na orodha yake ya PPPoE (njia ya mteja kuingia mtandaoni kwa jina na neno la siri). Asipolipa mtu, inabidi nimtafute ruta kwa ruta. Nimeweka Debian 12 na FreeRADIUS (programu ya seva inayothibitisha majina ya wateja kwa niaba ya ruta) kwenye laptopu ya zamani ili majina yote yakae pamoja, lakini ruta inaandika "radius timeout". Nimekosea wapi?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Usiguse ruta kwanza. Iulize seva inaona nini:

systemctl stop freeradius
freeradius -X

Usiporuka hatua ya kuisimamisha, poti 1812 itakuwa huru. Ukiruka, amri ya pili itagoma. Sasa mteja mmoja ajaribu kuingia huku ukitazama skrini.

Pakiwa kimya kabisa, ombi halifiki: kagua njia na ngome (firewall), poti za UDP 1812 na 1813. Likitokea neno "unknown client", ombi limefika ila seva haimjui mwombaji. Hapa ndipo wengi hukwama. Ruta yenye anwani tatu nne hutumia ile ya upande unaoelekea seva, nawe pengine umeandika nyingine kwenye clients.conf, faili la seva lenye orodha ya ruta inazozijua. Ilazimishe ruta itumie anwani moja (hapa 10.10.0.2 ni seva, 10.10.0.11 ni ruta, na SIRI ni neno la siri ambalo ruta na seva hushiriki):

/radius add service=ppp address=10.10.0.2 src-address=10.10.0.11 secret=SIRI timeout=3s
/ppp aaa set use-radius=yes accounting=yes interim-update=5m

Hiyo timeout, yaani muda wa ruta kusubiri jibu, usiiache. Ya kiwandani ni milisekunde 300, na kwenye minara ya wayalesi iliyoelemewa jibu huchelewa zaidi ya hapo. Siri isiyolingana nayo huonekana kama timeout, kwa sababu ruta hulitupa jibu ambalo sahihi yake haisomeki.

Ruta ikishajibiwa, hamishia majina kwenye hifadhidata ya MariaDB. Sakinisha mariadb-server na freeradius-mysql, pakia schema.sql iliyomo /etc/freeradius/3.0/mods-config/sql/main/mysql, kisha kwenye mods-available/sql weka dialect "mysql" na driver "rlm_sql_mysql". Sehemu ya tls iliyo ndani ya mysql izibe kwa alama ya #, la sivyo itatafuta vyeti usivyo navyo na huduma haitawaka. Faili hilo liunge kwa ln -s kwenye mods-enabled. Mteja anaingizwa hivi:

INSERT INTO radcheck (username,attribute,op,value) VALUES ('nyumba12','Cleartext-Password',':=','neno');
INSERT INTO radreply (username,attribute,op,value) VALUES ('nyumba12','Mikrotik-Rate-Limit','=','2M/5M');

Namba ya kwanza ni kasi ya mteja kupakia, ya pili kupakua. Ruta huhesabu kwa upande wake. Ukizigeuza, simu za malalamiko utazipokea jioni hiyohiyo. Halafu futa majina ya zamani kwenye /ppp secret: ruta husoma orodha yake kabla ya kuuliza seva, kwa hiyo uliyemfungia ataendelea kuingia.

SWALI: Mimi seva yangu ya FreeRADIUS inafanya kazi na nimeweka Simultaneous-Use 1, ili jina moja lisiingie mara mbili kwa wakati mmoja. Tatizo, umeme ukikatika na kurudi, baadhi ya wateja wanakataliwa kana kwamba wako hewani. Nifanyeje?
Msomaji, Kisumu

JIBU: Ruta iliyozimika ghafla haikupata nafasi ya kuaga, hivyo kwenye jedwali la radacct, linalotunza kumbukumbu za kuingia na kutoka, safu ya acctstoptime (saa ya kutoka) imebaki NULL, yaani tupu. Panga amri hii ya hifadhidata kwenye cron (kipanga kazi cha Linux) ijiendeshe kila dakika 5:

UPDATE radacct SET acctstoptime=acctupdatetime, acctterminatecause='Lost-Carrier' WHERE acctstoptime IS NULL AND acctupdatetime < NOW() - INTERVAL 15 MINUTE;

Dakika 15 ni taarifa tatu za dakika 5 zilizokosekana. Ukishusha hadi 5, taarifa moja ikipotea njiani utamfungia hesabu aliye hewani, na jina lake litaweza kutumika nyumba ya pili.

Kumkata mtu papo hapo, ruhusu kwenye ruta /radius incoming set accept=yes port=3799, kisha kutoka seva:

echo 'User-Name=nyumba12' | radclient 10.10.0.11:3799 disconnect SIRI

Na wenye seva za laptopu, kama mwenzako wa Morogoro: betri yake ni UPS ya bure, ila andika HandleLidSwitch=ignore kwenye /etc/systemd/logind.conf, maana atakayekuja kufagia atafunika kifuniko na seva italala.