Trela la kukempu lipite mizani?

Swali: Shikamoo mhariri, niko Texas, navuta trela la kulala lenye uzito wa pauni 11,000 na pikapu yangu, la familia tu sio biashara. Nikikuta mizani ya haiwei imefunguliwa na mie niingie?

Jibu: Marahaba. Mizani zile hasa ni za magari ya biashara, na kuvuka pauni 10,000 peke yake hakukufanyi wewe mfanyabiashara kama hulipwi kubeba, ila kila jimbo lina sheria zake so soma bango, likisema trela zote au askari akikupungia we ingia tu usibishane. Leseni nayo angalia jimbo lako linasemaje, kwa mfano mkazi wa California mwenye trela kama lako anatakiwa daraja A isiyo ya biashara. Mi naogopa zaidi tairi na ekseli kuzidiwa, jaza maji na mizigo yote halafu kapime mwenyewe pale malori yanapojazia mafuta, kuna mizani za kulipia.