Nilimlea simba kwa chupa, nikampinda miguu

Juzi kijana mmoja kaniandikia inboksi: "Kaka, nimeona picha zako za zamani na yule simba. Nisaidie na mimi nipate mtoto mmoja, nitamtunza kuliko mwanangu." Nimeusoma ujumbe ule mara tatu. Maneno hayohayo niliwahi kuyasema mimi.

Sultani nililetewa akiwa na wiki kama tano, macho bado yana rangi ya kibuluu, miguu imejaa madoa. Nilimlea kwa chupa, kila usiku naamka mara nne. Akishiba alikumbatia kidole gumba changu kwa miguu yake miwili ya mbele, akakinyonya mpaka usingizi umchukue. Nilimpenda, na waliotuona wanajua. Wapo walioniita katili, na hilo linaniuma hadi leo, maana katika hao hakuna aliyekesha naye hata usiku mmoja.

Alipoanza kula nilimchagulia steki, nyama laini isiyo na mfupa, nikihofia asije akapaliwa. Akiwa na miezi minne na nusu aliruka kutoka kwenye kochi akatoa mlio ambao sijausahau. Daktari wa wanyama aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga: paja limevunjika, na mifupa mingine imefifia, haionekani vizuri ilipoanzia wala ilipoishia. Akanieleza. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kiduchu. Simba porini hutafuna na mifupa ya windo lake. Mtoto asiyeipata, mwili wake huichota kalsiamu kwenye mifupa yake mwenyewe. Kila kilo ya steki niliyomlisha kwa mapenzi ilikuwa inamla.

Mguu uliunga, lakini ukapinda.

Sultani ana miezi minane. Mpwa wangu aliingia sebuleni anakimbia. Sultani akajilaza, mabega juu, ncha ya mkia ikitikisika kidogo tu. Mtoto akajikwaa, na kabla sijaweka kikombe mezani simba yuko mgongoni kwake. Nilimwondoa kwa mikono miwili. Shati limechanika, bega linavuja damu. Sultani akaniangalia kwa macho yaleyale ya kila siku, hana hasira hata chembe. Hapo ndipo nilipoogopa. Angekuwa amekasirika ningesema tumemuudhi, tutarekebisha. Yeye alikuwa anafanya kazi aliyozaliwa nayo.

Miezi ya kuhangaika kumtafutia pa kwenda nairuka. Vituo viwili vilinikatalia kwa kukosa nafasi, cha tatu kikamchukua. Porini harudi tena: hakufundishwa kuwinda, anachechemea, na akiona mtu anamfuata.

Kila nikisimulia haya naletewa habari za Christian, yule simba aliyenunuliwa duka la Harrods, London, mwaka 1969, akaishia kuishi huru Kora, Kenya. Ni kweli, na hata mimi ilinivuta. Lakini isimulieni yote. Aliyemrudisha porini ni George Adamson, mtu aliyeishi na simba nyikani miaka na miaka. Na huyo huyo Adamson, mwaka 1971, alilazimika kumpiga risasi Boy, dume lililowekwa pamoja na Christian, baada ya kumuua mfanyakazi wa kambi. Boy naye alikuwa amelelewa na watu.

Ndugu zangu, najua mnachokitaka, kwa sababu nilikitaka mimi: mnyama mkubwa akutambue wewe peke yako. Lakini paka wa nyumbani amekaa na binadamu maelfu ya miaka, kizazi juu ya kizazi. Simba wako ana miezi uliyomlea wewe, basi. Dume hufika kilo 150 na kupita, na akiwa kifungoni anaweza kuishi miaka 20. Atalishwa na nani, wapi, ukiugua? Zanesville, Ohio, huko Marekani, Oktoba 2011, mwenye wanyama alifungua mabanda kisha akajiua. Polisi wakaua chui-milia 18 na simba 17 kwa usiku mmoja na asubuhi yake. Wanyama wale walikuwa na kosa gani? Marekani ilipiga marufuku ufugaji wa namna hii majumbani mwezi Desemba 2022, miaka 11 baadaye.

Usinunue. Usilipie kupiga picha na mtoto wa simba aliyenyang'anywa mama yake, kwa sababu baada ya miezi michache hakumbatiki tena na lazima aletwe mwingine. Usisambaze hizo video. Na narudia, usinunue, hata ukiambiwa mama yake amekufa. Hata mimi niliambiwa hivyo.

Na kama umeshamchukua, usimfiche kwa aibu kama nilivyofanya mimi, wala usimwachie porini usiku. Daktari wa wanyamapori kwanza, kituo pili, wiki hii hii, akiwa bado anabebeka. Kijana wangu, kama umeshalipa, niandikie leo, kabla hujampa nyama.