Zika paipu, usizike waya

Simamisha plasta. Haya mengine utasoma baadaye, kwanza mpigie fundi umwambie Jumatatu asije na saruji.

Nimesoma uzi wako hapa jukwaani mara mbili. Umeuliza paneli za ukutani za kuongozea taa na muziki uchukue za ukubwa gani, zikae urefu gani kutoka sakafuni, spika ngapi za darini zinatosha sebule ya mita 6 kwa 5, na kama waifai inaweza kukuepusha na hii habari ya waya kabisa. Halafu katikati, kama mtu anayepita tu, ukaandika: "Fundi anasema waya za paneli atazilaza moja kwa moja ukutani kisha apige plasta juu, paipu haina haja maana si umeme mkubwa." Hapo mate yalinipalia. Maneno hayo hayo niliambiwa mimi, na mimi nikatikisa kichwa kama mwanafunzi aliyelipa ada.

Mkuu, nikusimulie.

Nyumba yangu ilikuwa hapo hapo ilipo yako: kuta zimesimama, paa lipo, matundu ya swichi yameshachimbwa. Nikamleta mtu aliyejiita mtaalamu wa nyumba janja, zile ambazo taa na muziki unaviongoza kwa simu au paneli. Kishkwambi mkononi, viatu visivyowahi kukanyaga kokoto. Akanichagulia paneli sita: sebuleni, jikoni, barazani na vyumba vitatu vya kulala. Paneli zile zilitumia kebo yake maalumu, nyuzi nne ndani ya ganda moja, na ziliungwa kwa mnyororo, yaani ya sebuleni inailisha ya jikoni, ya jikoni inailisha ya barazani, hivyo hivyo mpaka mwisho. Nikauliza, kwa aibu kidogo, kama isingefaa kila kebo ipite kwenye paipu. Akacheka. Akasema kebo ile ni ya maisha.

Hakudanganya. Ni nzima mpaka leo. Imo ukutani, imekumbatiwa na saruji, haina kazi yoyote duniani.

Mwaka wa nne kiwanda kikaacha kutengeneza zile paneli. Kwanza programu ya simu ikakoma kupata masasisho, nikajiambia si neno. Kisha paneli ya jikoni ikafa, ya kubadilishia haipatikani, na kwa kuwa ni mnyororo, zote zilizokuwa mbele yake zikapoteza mawasiliano. Nikabaki na saa za ukutani za bei mbaya kuliko zote nilizowahi kusikia, na saa zenyewe zikichelewa dakika kumi na moja. Wageni wakiuliza, mama watoto anawajibu kwamba ni sanaa ya kisasa.

Nikaamua kuweka paneli mpya. Hizi za sasa nyingi zinataka Cat6, yaani kebo ya mtandao, kila paneli na kebo yake peke yake kutoka kwenye kabati kuu zinakokutana kebo zote, na kebo hiyo moja inabeba data pamoja na umeme. Ndiyo wanayoita PoE, umeme kupitia kebo ya mtandao. Na hata hiyo PoE usidhani imetulia: kiwango cha 2003 kilitoa wati 15.4 kwenye chanzo, cha 2009 kikafika 30, cha 2018 kinafika 90. Viwango vitatu ndani ya miaka 15. Ukuta wako unautarajia ukae miaka mingapi?

Fundi mpya akasema tujaribu bahati: tufunge Cat6 kwenye mkia wa kebo ya zamani, tuvute upande wa pili, mpya iingie ya zamani ikitoka. Kwenye paipu hiyo ni kazi ya dakika chache. Kwenye plasta ni kuvuta mzizi wa mwembe. Tulivuta watu wawili, mguu mmoja ukutani, mpaka kebo ikakatika na mimi nikakaa chini bila kukusudia.

Ikabaki grainda.

Sijui kama umewahi kuishi ndani ya nyumba inayopasuliwa kuta huku familia imo. Vumbi la saruji linaingia hadi ndani ya friji iliyofungwa, naapa. Na kwa vile sikuwa na hata picha moja ya kuta kabla ya plasta, fundi alikuwa anakisia njia. Akakisia vibaya. Grainda ikala waya wa soketi, cheche zikaruka, breka ikaanguka, nyumba nzima kimya. Fundi akazima grainda taratibu, akaomba maji. Hakuna aliyeumia. Baada ya hapo alikataa kugusa ukuta mpaka breka kuu izimwe, na nilimwelewa. Mwishowe rangi ya viraka haikufanana na ya zamani, ikabidi kupaka vyumba upya, kimoja baada ya kingine.

Piga hesabu: kupasua, kuziba, kulainisha na rangi vilinizidi bei ya paneli zote sita mpya. Paipu ambazo ningelaza mwanzo, wakati kuta ziko wazi na fundi yupo hapo hapo, zisingefika hata kipande kidogo cha gharama hiyo. Nilimpigia yule mtaalamu. Akaniambia, kwa upole wa mtu asiyedaiwa, "teknolojia inabadilika, ndugu yangu." Inabadilika! Ndiyo sababu nilikulipa wewe badala ya kumuuliza muuza mkaa! Samahani. Bado linaniuma.

Kwa hiyo mimi nina sheria moja, nimeilipia, naigawa bure: ukutani anazikwa paipu, waya ni mgeni anayepita. Paneli ya chapa gani, wala sikushauri. Utakayoipenda leo itakuwa takataka siku moja, na siku hiyo unatakiwa uvute kebo ya zamani itoke, uingize mpya, uende kulala.

Ila na paipu nazo zina ujinga wake. Kila sehemu ya paneli, ya kitufe cha sauti, ya spika, iwe na paipu yake moja kwa moja hadi kwenye kabati. Hakuna mnyororo. Usikubali mm 16 eti "waya mwembamba huo". Chukua mm 25. Cat6 ina unene wa kama mm 6, kwa hiyo tatu au nne zitapita humo bila kugombana. Nyuma ya runinga weka mm 50, maana kichwa cha HDMI, ile kebo ya picha na sauti, hakipiti kwenye mm 25 hata ukikibembeleza. Kona za nyuzi 90 zisizidi mbili kati ya sehemu mbili za kuvutia kebo. Ukilazimika kupiga ya tatu, weka boksi katikati, lenye mfuniko unaofikika. Na kona iwe ya kukunja kwa mviringo, ile iliyochongoka ya maji humeza kebo isiiteme.

Acha kamba ya nailoni ndani ya kila paipu, hata ambayo tayari ina kebo. Ukivuta kebo nyingine, funga na kamba nyingine ifuate nyuma, ili isiishe.

Fundi wako anaposema "si umeme mkubwa" kuna kitu anakikaribia bila kukijua: kwa kuwa si umeme mkubwa, usimruhusu aziingize kwenye paipu moja na waya za soketi. Kwanza ni hatari, hitilafu ikitokea umeme mkubwa unaingia kwenye paneli unayoigusa kwa kidole. Pili, waya wa sauti ukitembea bega kwa bega na wa umeme unaweza kuokota mvumo, na utausikia kila muziki ukinyamaza. Zitenganishe, na zikikutana zivukane kwa pembe mraba.

Maboksi ya swichi nayo yawe marefu kwenda ndani, mm 47 kama ukuta unaruhusu. Yangu yalikuwa 35, na swichi janja ina mgongo mnene. Nilizisukuma na goti. Kila boksi la swichi lipate na nyutro, yaani waya wa kurudishia umeme, hata kama fundi atakuapia kwamba swichi haihitaji. Swichi ya kawaida kweli haihitaji. Janja ina akili ndani, na akili inakula umeme hata taa ikiwa imezimwa. Bila nyutro, swichi nyingi za aina hiyo zinajilisha kwa kupitisha umeme kidogo kwenye taa yenyewe, na balbu za LED zinabaki zinafifia na kupepesa usiku kama zina homa.

Kebo nunua mwenyewe. Kuna Cat6 za alumini iliyopakwa shaba, nyepesi, zinang'aa vizuri dukani. Kwangua uzi mmoja kwa kisu: ndani pakiwa peupe, rudisha. Alumini inapitisha umeme kwa takriban asilimia 61 tu ya shaba, sasa ubebeshe PoE humo uone joto linavyopanda.

Waifai: hapana. Waifai inabeba data, haibebi umeme. Paneli yako ukutani itakula nini? Utarudi kwenye chaja inayoning'inia, na baada ya mwezi chaja hiyo itahamia kwenye simu ya mtu.

Spika, usianze na idadi, anza na waya. Spika ya ohm 8 (ohm ni kipimo cha ukinzani wa umeme), waya wa shaba wa mm² 1.5 unatosha hadi kama mita 15. Zaidi ya hapo chukua 2.5. Na usizifunge zote sambamba kwenye mdomo mmoja wa amplifaya: mbili za ohm 8 zinakuwa 4, nne zinakuwa 2, na amplifaya nyingi za nyumbani hapo zinazima zenyewe, au zinaanza kunuka. Kila spika na waya wake hadi kabatini, humo ndani ndiko utaamua nani aungwe na nani.

Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta, chumba kwa chumba, futi kamba ikiwa imenyooshwa ndani ya picha ili vipimo vionekane. Andika namba kwenye ncha zote mbili za kila paipu. Picha zihifadhi sehemu mbili. Simu ya fundi haihesabiki.

Halafu simama hapo hapo, uvute kamba ya kila paipu kwa mkono wako mwenyewe, kisha uirudie plasta ikishapigwa na kabla ya rangi. Kwenye marudio yangu, baada ya masaibu yote hayo, paipu ya barazani ilikuwa imejaa saruji kwa sababu mtu aliona uvivu kuziba mdomo wake na kipande cha karatasi.