Kwa nini kompyuta inanivamia dakika ya 20 nikiwa bado maskini?

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni msomaji wako wa Uyole, Mbeya. Nimeanza kucheza Age of Empires II, gemu la kompyuta la kujenga mji na jeshi, ile ya mwaka 2019, kwenye ramani ya Arabia dhidi ya kompyuta moja, kiwango cha kati. Kila mara ikifika dakika ya 20 navamiwa na kumalizwa. Mchezo wa mwisho nilikuwa na wanakijiji 24, askari 10, minara mitatu na ukuta wa mawe upande mmoja. Mbao 1,100 zilikuwa zimelala tu. Bado nilikuwa Zama za Ukabaila (Feudal Age, zama ya pili ya mchezo). Nijenge minara mingapi ndipo nisalimike? Na kuna taifa gani rahisi kwa mwanzo?

JIBU: Marahaba. Umefanya jambo la maana sana kuandika idadi, kwa sababu ugonjwa wa gemu hili unapimwa kwa hesabu, na hesabu yako inajieleza yenyewe. Minara haihusiki. Usijenge hata mmoja.

Mwanakijiji mmoja hutoka kituo cha mji (Town Center) kwa sekunde 25 na hugharimu chakula 50. Mchezo unakupa watatu wa kuanzia, kwa hiyo wewe ulizalisha 21 tu, yaani sekunde 525 za kazi. Kusuka nguo za kinga za wanakijiji (Loom) kunachukua sekunde 25, na kupanda kuingia Zama za Ukabaila sekunde 130. Jumla kituo chako kilifanya kazi sekunde 680. Dakika 20 ni sekunde 1,200. Maana yake kilikaa bure sekunde 520, karibu dakika 9 nzima, na ndani ya muda huo wangetoka wanakijiji 20 zaidi. Kompyuta haikukushinda vitani. Ilikushinda mapema, wakati wewe unapanga minara huku kituo kimenyamaza. Mkulima wa Uyole anajua mahindi yaliyokosa mbolea wakati wake hayaponywi na mbolea ya mwezi unaofuata, na hapa ni vilevile: sekunde iliyopita bila mwanakijiji hairudi.

Basi lengo lako la kwanza, kabla ya mbinu yoyote ya vita, ni kituo kisinyamaze hadi umefika Zama za Ngome (Castle Age, zama ya tatu). Bonyeza H kwenye kibodi, kamera na chaguo vinarudi kituoni popote ulipo. Kisha bonyeza herufi ya kuzalisha mwanakijiji (katika toleo lako ni Q usipobadilisha mipangilio). Fanya hivyo hata katikati ya mapigano. Mwanzoni una chakula 200, kwa hiyo panga wanne mara moja, sekunde ya kwanza. Baada ya hapo usipange zaidi ya wawili kwa pamoja, maana chakula cha waliomo kwenye foleni kimeshalipwa na hukitumii kwa jambo lingine. Kitufe cha nukta kinakupeleka kwa mwanakijiji asiye na kazi. Kibonyeze kila unapokumbuka.

Angalizo kuhusu saa: sekunde ninazotaja ni za saa ya mchezo, ile inayotokea ukibonyeza F11. Kwa kasi ya kawaida ya 1.7, sekunde 25 za mchezo ni kama 15 za simu yako. Ukipima kwa simu utachanganyikiwa. Kwa wiki ya kwanza punguza kasi iwe 1.0, vidole vizoee.

Sasa watu waende wapi. Wale watatu wa kwanza wajenge nyumba mbili (mbao 25 kila moja, nafasi 5 kila moja), kisha wajiunge na kondoo. Wa nne, wa tano na wa sita waende moja kwa moja kwa kondoo walio chini ya kituo. Skauti, yule mpanda farasi wa upelelezi unayeanza naye, azunguke karibu na mji kwa duara linalopanuka, akutafutie kondoo wengine. Kwa kawaida Arabia inakupa 8, wanne karibu na wanne wawiliwawili mbali kidogo. Wa saba hadi wa kumi ni wakata mbao, na huyo wa saba anajenga kambi ya mbao kwa mbao 100, iguse msitu kabisa. Kambi iliyo hatua tano kutoka mti inakula mwendo wa watu wote siku nzima.

Wa kumi na moja ndiye wa nguruwe pori, na hapa ndipo wanaoanza wanapoteza watu. Nguruwe ana chakula 340, zaidi ya kondoo watatu, lakini ukimpeleka mtu mmoja akabaki anapigana naye huko porini atakufa kwa mapigo manne: mwanakijiji ana uhai 25 na nguruwe anapiga 7. Dawa ni kumpiga mshale, na akianza kukufuata tu, kimbia kurudi kituoni. Wale wa kondoo wawe wamesimama tayari. Akifika, wabofyeshe wote kwake. Nguo za kinga (dhahabu 50) humwongezea mwanakijiji uhai 15 na ngao kidogo, hivyo anastahimili mapigo saba. Wachezaji wazuri huchelewesha nguo hizo. Wewe zisuke kabla ya nguruwe wa kwanza, na nguruwe wa pili apelekewe mtu mwingine asiye na jeraha. Jambo moja zaidi: usichinje kondoo watatu kwa pamoja. Mzoga huoza, chakula kinapungua hata kama hakuna anayekula. Mmoja akikaribia kwisha ndipo umguse mwingine.

Wa 12 hadi wa 15 waende kwenye vichaka vya matunda, wa 12 akijenga kinu kwa mbao 100 katikati ya vichaka. Wa 16 arudi chini ya kituo, na hapo una wanane kwenye nyama. Wa 17 hadi wa 22 wote mbao, na kambi ya pili. Watatu wanaofuata wachimbe dhahabu, nao wajenge kambi yao ya mbao 100. Wa 26 na 27 walime. Kila unapoona nafasi mbili zimebaki kwenye idadi ya watu, anza nyumba mpya. Nafasi mbili ni sekunde 50, na nyumba inajengwa na mtu mmoja kwa sekunde 25 pamoja na mwendo wake. Ukisubiri nafasi iishe, kituo kinasimama, na hilo ndilo kosa nambari moja.

Ukifika 27 unabofya kupanda Zama za Ukabaila kwa chakula 500. Jikague hivi: wanakijiji 24 waliozalishwa ni dakika 10 kamili, nguo za kinga zinafanya 10:25, na kupanda kunaisha 12:35. Ukiwa na 14:00 umepoteza muda kidogo tu na kwa anayeanza ni sawa kabisa. Ukiwa na 17:00, cheza upya kipande hicho peke yake mara tano kabla ya kuendelea. Hakuna faida ya kumaliza mchezo ambao msingi wake umeharibika.

Chakula kinatosha? Kinatosha. Wanakijiji 24 ni 1,200, kupanda ni 500, jumla 1,700. Ulianza na 200, unahitaji 1,500. Kondoo wanane wana 800, nguruwe wawili 680, vichaka sita 750. Ni zaidi ya 2,200 bila shamba hata moja. Lakini baada ya hapo akiba haitoshi kwa chakula 800 cha Zama za Ngome, na ndiyo maana nyama ikianza kwisha unawahamishia watu wa kituoni kwenye mashamba, mmoja mmoja, mbao 60 kila shamba. Yapange yaguse kituo au kinu. Ukumbuke uwiano huu: kituo kimoja kisichonyamaza kinakula chakula 2 kila sekunde, na hicho hulishwa na wakulima sita hivi.

Wakati kupanda kunaendelea (zile sekunde 130), tumia mbao 175 kujenga kambi ya askari. Ukiingia Ukabaila jenga zizi la farasi kwa mbao 175 na karakana ya mhunzi kwa mbao 150. Mchezo unadai majengo mawili ya zama hizo kabla ya kukuruhusu kupanda tena, na hayo mawili utayahitaji hata hivyo. Nunua pia shoka la makali mawili (Double-Bit Axe, boresho la wakata mbao), chakula 100 na mbao 50, litakulipa haraka. Ongeza wanakijiji wawili, kisha bofya Zama za Ngome: chakula 800, dhahabu 200, sekunde 160. Kila kitu kikienda sawa unaingia kama dakika ya 16. Ile dakika ya 20 uliyokuwa unakufa utakuwa na wapanda farasi.

Turudi kwenye mawe yako. Unaanza na mawe 200. Mnara mmoja unakula 125. Kituo cha mji cha nyongeza, unachoruhusiwa kujenga Zama za Ngome, kinataka mbao 275 na mawe 100. Kwa maneno mengine, mchezo umekupa mawe ya vituo viwili vipya kabla hujachimba hata jiwe, na wewe uliyageuza minara. Ukiyatunza, dakika ya 18 una vituo vitatu vinavyozaa kwa pamoja, na zile mbao 1,100 zilizolala zinakuwa vituo viwili na mashamba tisa. Waweke wajenzi wanne au watano kwenye kila kituo. Mmoja peke yake atakesha.

Simaanishi ukuta ni upuuzi. Ukuta hununua muda, na muda ni mali kama una la kufanya nao. Ukifika Kalenga hapa Iringa utasimuliwa boma la Mkwawa lilivyokuwa imara, na bado mizinga ya Wajerumani ililivunja Oktoba 1894. Kwenye gemu ni hivyohivyo: kompyuta ikileta magogo ya kubomolea, mishale ya mnara huyadhuru kidogo sana, yanavunjwa kwa panga. Asiye na askari wa kutoka nje ya ukuta amejifungia tu.

Taifa rahisi: chagua Wafranki. Wapanda farasi wao wana uhai wa ziada asilimia 20, kwa hiyo naiti (knight, mpanda farasi mzito) mwenye 100 anakuwa na 120, na maboresho ya mashamba wanayapata bure wakishakuwa na kinu. Mambo mawili ya kukumbuka yamepungua. Ukipenda la karibu na kwetu, Waethiopia hupewa chakula 100 na dhahabu 100 kila wanapoingia zama mpya, ila jeshi lao ni la mishale na mishale inadai vidole vyepesi. Waache kwanza.

Naiti mmoja ni chakula 60 na dhahabu 75. Toa wanne wa ulinzi kwanza, kisha vituo viwili, kisha zizi la pili. Kwenye karakana ya mhunzi, nunua boresho la kwanza la silaha (Forging), chakula 150, unaoongeza shambulio 1 kwa wapanda farasi wote. Ukiwa na naiti wanane nenda kwa wakata mbao na wachimba dhahabu wa adui, usiende kituoni kwake ambako wanakijiji waliojificha huongeza mishale. Ukiona mikuki, ondoka. Mkuki una ziada kubwa dhidi ya farasi, na naiti wanane wanayeyuka mbele ya wapiga mikuki kumi na watano waliolipiwa chakula na mbao tu bila dhahabu. Hao wauawe na wapiga mishale sita au wanane wanaotembea nyuma ya farasi. Kumaliza majengo ongeza karakana ya zana za kuzingira, mbao 200, na magogo mawili ya mbao 160 na dhahabu 75 kila moja. Naiti wayalinde magogo. Magogo peke yake hukatwa na wanakijiji.

Adui akiingia mjini mwako, H kisha B inapiga kengele na wanakijiji wanajificha kituoni. Nafasi ni 15 kwa kituo. Usiipige kwa skauti mmoja wa adui, kwani unasimamisha uchumi wote kwa sababu ya farasi mmoja. Waingize wale wanaoguswa tu.

Kuhusu laptopu, kwa kuwa wengi huuliza: ile pakiti ya picha za ubora wa juu ni ya hiari, usiipakue kama bando ni la kuhesabu au mashine ni dhaifu. Gemu litacheza bila hiyo. Na hifadhi mchezo mwenyewe unapoanza kila zama mpya, umeme ukikatika urudie pale ulipokuwa.

Cheza mara tatu kwa mpangilio huu, kisha niandikie namba nne: saa uliyoingia Ukabaila, saa uliyoingia Ngome, wanakijiji uliokuwa nao dakika ya 20, na mbao zilizolala.