Baba alipokuwa anaondoka, maombi yetu yalimchosha

Jamani nitasema ukweli hata kama kuna watu wa kanisani kwangu watanuna. Baba yangu alikuwa na kansa, ikafika mahali daktari akasema ya kuiponya hakuna tena, kilichobaki ni kumtuliza tu, basi mimi nikakasirika nikaita kikundi cha maombi. Walizunguka kitanda wakakemea kwa sauti saa nzima na mzee wa watu kafumba macho. Walipotoka akaniuliza, "Mwanangu, hawa wanamwombea nani? Mi nimechoka."

Iliniuma, maana nilikuwa nataka apone kwa ajili yangu mimi.

Kosa la pili ni mofini, ile dawa kali ya maumivu. Nikisikia mofini nilijua ndo wanammaliza, kwa hiyo nilikuwa naibania, nampa akilia tu. Nesi akanikalisha chini: mofini ya maji inatolewa kwa kufuata saa, kila baada ya masaa 4, bila kusubiri maumivu yarudi, na dozi ikipimwa vizuri sio sumu. Ila inafunga choo sana kwa hiyo ya kulainisha choo iende nayo sambamba (ulizia hilo mapema, utanishukuru). Tulipofuata ratiba baba akapata usingizi, akili ikatulia, akaomba aitiwe baba mdogo ambaye walikuwa hawasalimiani miaka. Sasa mtu anayejikunja kwa maumivu angepatana na nani?

Cicely Saunders, yule mama Mkristo aliyeanza unesi, akaenda ustawi wa jamii, akamalizia udaktari, ndo akafungua St Christopher's Hospice, nyumba ya kuwatunza wanaokaribia kufa, kule London mwaka 1967, alisisitiza kwamba maumivu ya anayekufa sio ya mwili peke yake, kuna ya moyoni, ya familia na ya roho. Kwa baba, nusu ya maumivu ilikuwa huyo mdogo wake.

Kwa hiyo ukienda kumuona mgonjwa wa hivi, kaa. Marafiki wa Ayubu walikaa naye chini siku 7 kimya, wakaja kuharibu walipoanza kuongea! Na Yesu Gethsemane hakuomba mahubiri, aliomba wenzake wakeshe naye, nao wakasinzia. Muulize mgonjwa kwanza kama anataka maombi, yawe mafupi, mshike mkono.

Halafu chakula. Mwishoni mwili unakataa, usimlazimishe atapaliwa, we mloweshe midomo kwa pamba yenye maji. Mi kila nikifanya hivyo nilikumbuka lile "naona kiu" la msalabani.

Usiku wa mwisho pumzi ilikuwa inakatika kidogo inarudi, nikawa namsomea Zaburi ya 23 polepole, nilipofika bonde la uvuli wa mauti sauti ikagoma kabisa. Baba mdogo akaipokea hapo hapo kwa kichwa, bila kitabu, akaendelea mpaka mwisho.