Mtoto wa sungura anahara na tumbo limejaa

Pole sana dada. Mtoto wa wiki 6 akihara na tumbo kujaa hivyo, mara nyingi ni koksidiosisi, ugonjwa wa vimelea vya utumbo, na huua haraka. Usingoje kesho, mpigie daktari wa mifugo leo. Akithibitisha atakupa dawa ya sulfa kulingana na uzito wake. Nakuomba usimpe antibiotiki ya amoksisilini ya kumeza iliyobaki nyumbani! Inaua bakteria wazuri wa tumboni, na hilo peke yake linaweza kummaliza. Mtenge na wenzake, mwekee chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kanga. Nyasi kavu na maji safi tu, kabichi acha kabisa. Mimi nilimpoteza mmoja: manyoya ya mkiani yamegandana kinyesi, masikio ya baridi, nami nikasema tutaona asubuhi.